Nani Kamuua Fundi? Jinsi tulivyowapa watazamaji kazi ya upelelezi

Kama umewahi kumpelekea fundi kitambaa wiki moja kabla ya Idi, wewe tayari ni mshukiwa. Hapo ndipo mchezo wetu wa jukwaani ulipoanzia: fundi cherehani wa Mombasa anakutwa usiku wa kuamkia sikukuu amelala chini ya rundo la nguo zisizokwisha, mkasi mgongoni. Ana mstari mmoja tu katika mchezo mzima, "Njoo kesho, itakuwa tayari," kisha anakufa. Kila anayeingia dukani ana sababu ya kumuua. Hata mimi mwandishi ninayo. Kanzu yangu ya mwaka mmoja nimeivaa na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake.

Mtindo wenyewe sikuubuni. Mwaka 2018 nilikwenda kumtembelea dada yangu Maryland, akanipeleka ukumbi wa Kennedy Center mjini Washington kutazama mchezo uitwao Shear Madness. Kuna saluni, kuna mpiga piano anauawa ghorofa ya juu, na kuna polisi waliojifanya wateja. Mara taa za ukumbini zinawashwa, watazamaji wanaambiwa wawahoji washukiwa, halafu wapige kura muuaji ni nani. Waigizaji wanamalizia kufuatana na kura.

Niliporudi nikafuatilia ulikotoka. Mzizi wake ni mchezo wa Kijerumani wa Paul Pörtner, wa mwaka 1963, ambao haukuwa wa kuchekesha kiasi hicho. Waigizaji wawili wa Marekani, Marilyn Abrams na Bruce Jordan, walinunua haki zake, wakaumwagia vichekesho, wakaufungua Boston Januari 1980. Ukakaa huko miaka 40. Washington ulifika 1987. Nionavyo mimi, uliishi muda wote huo kwa sababu kila mji unauvisha nguo zake: mitaa yake, wanasiasa wake, umbea wa wiki ileile.

Haki za kuuigiza hatungezimudu, na kuutafsiri kinyemela ni wizi tu. Nikachukua lile wazo la kura, yaliyobaki nikayatafuta nyumbani. Washukiwa wanne: msaidizi wa fundi ambaye hajalipwa, mwenye nyumba anayedai kodi, mzee wa kanzu, na bibi harusi. Nikaandika miisho minne. Nikadhani nimemaliza.

Usiku wa kwanza, mama mmoja wa safu ya pili alisimama, akajitengeneza mtandio, akamgeukia bibi harusi. "Mwanangu, hiyo nguo ulishailipia yote, au ulitoa arubuni tu?"

Binti akanitupia jicho pembeni ya pazia. Hilo sikuwa nimeliandika. "Nimelipa yote, mama."

Mama hakukaa. "Basi mbona daftari la fundi lililosomwa hapa sasa hivi linasema anakudai?"

Ukumbi ukaguna. Kura zote zikamwangukia bibi harusi, na mwisho wake ulisimama juu ya jambo hilohilo: kwamba alishindwa kumaliza deni, fundi akakatalia nguo. Nikashika kichwa. Yule binti, Mungu ambariki, alipofika kwenye kukiri akamnyooshea mama kidole: "Nilikudanganya! Mtu wa kuua atashindwa uongo?" Watu wakapiga makofi mpaka hatukusikia yaliyofuata.

Lakini bahati ya namna hiyo haiji mara mbili. Ugumu wa mchezo huu ni kwamba wakati wa maswali hata muuaji hajijui, kwa hiyo jibu la kila mshukiwa lazima liingie katika miisho yote minne. Kesho yake tukaketi sakafuni tukatengeneza daftari letu la kweli: nani aliingia saa ngapi, nani anadaiwa nini, nani aliushika mkasi. Wote walijifunza kurasa zote, si za mtu wake tu. Ukiulizwa jambo lisilomo, unajibu kwa swali. (Watu wa Pwani hawakuhitaji kufundishwa hilo.) Swali jipya la leo liliandikwa na jibu lake kwa ajili ya kesho. Tulianza na kurasa nne. Usiku wa tano zilikuwa kumi na moja.

Kura nazo zilitusumbua. Kwa kunyoosha mikono haikuwezekana, watoto walinyoosha yote miwili. Tukaenda kununua vifungo vya shati, kila mtu akapewa kimoja mlangoni. Mbele ya jukwaa tukapanga makopo manne matupu ya maziwa, kila moja na jina la mshukiwa. Wakati wa kupiga kura ukumbi ulinyamaza, ukasikia vifungo tu vikigonga bati, na mwenye nyumba, ambaye kopo lake lilikuwa likijaa, akitoka jasho la kweli.

Usiku wa mwisho yule mama alirudi na jirani zake watatu. Tulipokwenda kuhesabu, makopo yalikuwa karibu matupu. Vifungo vilikuwa ndani ya kofia ya marehemu, juu ya cherehani. Walikuwa wamepitisha kwamba fundi kajiua mwenyewe kwa aibu ya ahadi zake.

Mwisho huo haukuwepo. Mwenye nyumba akamtazama msaidizi, msaidizi akanitazama mimi, mimi nikatazama chini. Kisha rundo la nguo likatikisika. Fundi, aliyekuwa amelala pale zaidi ya saa nzima, akainuka taratibu, mkasi mgongoni, akavaa kofia yake na vifungo vikammwagikia usoni.

"Mwisho wa mchezo haujawa tayari," akasema. "Njooni kesho."

Tukazima taa.