Siku Pua Ilipokunywa Maji

Juzi binti yangu alikuwa anatazama kwenye simu mbio za katamarani, vyombo vya matanga vyenye bodi mbili zinazoelea sambamba. Akainua kichwa: "Baba, chombo kinawezaje kuupita upepo unaokisukuma?" Nikachukua bahasha iliyokuwa mezani, nikachora mishale mitatu: upepo wenyewe, mwendo wa chombo, na upepo unaozaliwa na hivyo viwili. Aliitazama kwa adabu, akarudi kwenye simu yake. Simlaumu. Na mimi nilichorewa mishale hiyo hiyo, nikaitikia kwa kichwa, ila kuielewa niliielewa siku tuliyotoka na Mwalimu, mzee aliyekuwa akinifundisha matanga, kwenye ile F18, katamarani ya mbio ya watu wawili.

Asubuhi karibu yote ilikwisha tungali nchi kavu. F18 ina urefu wa mita 5.52 na upana wa mita 2.60, na kwa kanuni za daraja lake haitakiwi kupungua kilo 180. Juu ya wepesi huo inabeba tanga kuu la mita za mraba 17, na ikigeuka kuufuata upepo inaongezewa jenaka, tanga kubwa jepesi la mbele, ambayo kwa mabaharia wazito ni mita za mraba 21. Ukiziweka namba hizo pamoja utaelewa kwa nini yule mzee hakuwa na haraka na kitu chochote.

Kabla ya kuugusa mlingoti alinitaka nitazame juu, nizunguke, nitazame tena. Alikuwa anatafuta nyaya za umeme. Mlingoti wa mita tisa unaufikia waya ambao hukuwahi kuuona, na kaboni inapitisha umeme kama alumini. Tukaulaza mlingoti kuelekea nyuma, kitako kikakaa juu ya kitufe cha chuma katikati ya boriti ya mbele, pini ikapita ili kisichomoke njiani. Nyaya za pembeni tukazifunga kwanza, zikiwa zimelegezwa kwenye tundu la mwisho. Mmoja anasimama juu ya trampolini, wavu ulio kati ya bodi mbili, na kuuinua kwa mabega, mwingine yuko mbele anavuta kwa nyaya za trapizi, zile zinazombeba baharia anapotoka nje ya chombo. Ukishasimama wima mikono hutamani kupumzika, na hapo ndipo milingoti mingi huanguka. Hakuna anayeachia mpaka waya wa mbele utiwe pini, pini itiwe ringi, na ringi izungushiwe utepe. Huo utepe si urembo. Kamba ya tanga dogo la mbele inapita hapo kila mnapogeuza, na siku moja itainasa ringi na kuichomoa.

Kisha zikaja zile nyaya zinazotoka juu ya mlingoti, zikapita kwenye ncha za mikono miwili ya mlingoti na kurudi chini. Ukizikaza, mlingoti unapinda kwenda mbele na kulivuta tumbo la tanga, likawa bapa kwa upepo mkali. Ukizilegeza tanga linajaa. Fito za tanga nazo: kaza kila ufito mpaka mikunjo ya wima kwenye mfuko wake ipotee, uishie hapo. Ukizidisha, siku ya upepo hafifu tanga litabaki limebinuka upande wa zamani na wewe umeshageuza.

Kutweka kulitumaliza nguvu. Omo, yaani pua ya chombo, inaelekezwa kwenye upepo, mmoja analisha ukingo wa tanga kwenye mfereji wa mlingoti, mwingine yuko kwenye jarari, kamba ya kutwekea. Kileleni kuna ndoano, na pete ya tanga lazima iikalie. Ukidhani imekaa, livute tanga kwa chini uhakikishe. Isipokaa, uzito wote unabebwa na jarari, na kila unachovuta kinaugandamiza mlingoti mara mbili. Vizibo vya nyuma vya bodi zote mbili tukavikaza mwisho, halafu Mwalimu akavikagua tena, kwa sababu hamwamini mtu kwenye vizibo.

Majini tulianza kwa kwenda joshi, yaani kuelekea upepo unakotoka. Yeye kwenye kana, mpini wa usukani, mimi kwenye tanga dogo. Kutoka kwenye trapizi ni rahisi kuliko kunavyoonekana: nasa ndoano ya kiunoni, uketi mpaka waya ubebe uzito wako wote, ndipo usukume, mguu wa mbele ukitangulia. Mguu huo unyooke, wa nyuma ukunjwe kidogo. Anayekunja wa mbele hutupwa omo wimbi la kwanza likigonga. Kupiga bisha kulitupa shida ya kawaida: chombo chepesi hakina msukumo wa kutosha kuvuka upepo, basi unaliacha tanga dogo likamatwe upande wa nyuma hadi omo ivuke, na demani, kamba ya tanga kuu, unailegeza kidogo ili tanga kuu lisikurudishe ulikotoka. Nitayaandika hayo siku nyingine.

Nataka kukaa hapa kwenye boya la juu, lile la upande wa upepo, mahali pa kugeuza.

Kwenda joshi, sehemu kubwa ya nguvu ya tanga inasukuma ubavuni, na uzito wa watu wawili nje unaifidia. Ukigeuza kuufuata upepo, nguvu ile ile inahamia mbele, nayo inasukuma kutoka juu, mita kadhaa kutoka kwenye maji. Matokeo yake pua zinakandamizwa chini. Na katikati ya kugeuza, upepo ukiwa ubavuni, hakuna msaada wowote: jenaka haijapanda, na mwendo umeshapamba moto.

Mwalimu alisema maneno mawili tu. "Miguu nyuma."

Nikateleza hadi nikagusana naye bega, nikachomeka mguu wa nyuma kwenye kitanzi kilichofungwa karibu na tezi, nyuma ya chombo. Akalegeza demani kama mita moja, akaanza kuivuta kana kwake. Upepo ulikuwa kuliani, kwa hiyo bodi ya kushoto ndiyo iliyobeba mzigo. Mwanzo pua yake ilikuwa inayapasua maji na kuyarusha pande zote. Halafu ikaacha kuyarusha. Maji yakapanda juu ya sitaha yakiwa ya kijani, mazito, hayana hata povu, yakaja kwa kufuata bodi mpaka yakaigonga boriti ya mbele. Kelele zote zikakatika. Chombo kikapunguza mwendo, mimi sikupunguza. Waya wa trapizi unakushika kwa juu tu, haukushiki kwa nyuma. Kilichonibakiza mahali pangu ni kile kitanzi, na nilikisikia kikiningoa kifundo. Usukani wa kulia ulikuwa hewani. Niliuona wote, mpaka ncha.

Mwili wangu ulitaka omo irudi kwenye upepo, kama ulivyozoea kwenye chombo cha bodi moja. Mwalimu akafanya kinyume: akazidi kuivuta kana, tukazidi kuupa upepo kisogo. Ukirudi kwenye upepo wakati huo, mgeuko wenyewe unaiongezea bodi ya kushoto mzigo na kukutupa upande huo huo. Ukizidi kuufuata, bodi zinaingia chini ya tanga na upepo unaousikia unapungua. Pua ikasita, ikatoka, ikatema maji yote nyusoni mwetu.

"Jenaka," akasema, kama mtu anayeomba chumvi.

Nikarudi ndani, nikaitweka, ikajaa kwa kishindo. Demani aliibana akaiacha hivyo, kwani jenaka inakivuta kilele cha mlingoti mbele na tanga kuu ndilo linalokishikilia nyuma. Anayeachia demani yote hapo anaweza kurudi pwani na mlingoti wa vipande viwili. Hatukwenda moja kwa moja na upepo. Tulikwenda mshazari, na hapo nikaisikia ile mishale. Upepo uliokuwa kisogoni ulihama ukaja shavuni, na kadiri tulivyokimbia ndivyo ulivyozidi kuja mbele na kuwa mkali. Ukivuma zaidi Mwalimu anaelekea chini, mbali na upepo, ukipungua anapanda kidogo kuutafuta. Hatukuwa tunasukumwa tena. Tulikuwa tunaenda joshi kwenye upepo tuliojitengenezea.

Binti sikumwambia hivyo, maana sijui kuuchora upepo unaohama shavuni.

Nchi kavu tulibishana. Mwalimu alisema aliuona mvumo wa ghafla ukija na akageuza kabla haujafika. Mimi ndiye niliyekuwa nimeyatazama maji ya upande wa upepo, na sikuona juu yao weusi wowote, ule unaoonyesha mvumo unakuja. Nikasema tuliokolewa na miguu kuwa nyuma. Yeye akasema ni mlingoti, ulikuwa umesimama wima mno na ndiyo maana pua zilikunywa. Akachukua waya wa trapizi, akaupeleka mpaka kwenye kiungo cha waya wa mbele, akashika kipimo kwa vidole, akauzungusha hadi tezi kuona unaangukia wapi. Akalegeza waya wa mbele tundu moja, akakaza za pembeni. "Kesho utaona," akasema.

Kesho yake upepo haukuvuma.