Mfuko wa makombo ya Eldorado

Jumamosi tatu mfululizo nimeshinda katika gereji ya mzee mmoja hapa nje kidogo ya Detroit, nikisafisha gari ambalo halikuwa chafu. Mnaonifuata tangu zamani mnajua kazi yangu ni kuosha na kung'arisha magari ya watu. Nilianzia Mombasa kwenye yadi za magari ya Japani, tukigombania ndoo na mpira wa maji. Huku nalipwa kwa saa, lakini kitambaa ni kilekile.

Gari lenyewe ni Cadillac Eldorado ya 1976, ile ya paa la turubai. Rangi ni damu ya mzee, paa jeupe, viti vya ngozi nyeupe. Urefu wake unakaribia mita 5.7 na lina milango miwili tu, mirefu kiasi kwamba ukifungua mmoja umeziba njia ya kupita gerejini. Injini ni lita 8.2. Kwa ndugu zangu wa Probox: chukua injini tano za lita moja na nusu, zijumlishe, bado hujafika. Na ajabu ni kwamba dude lote hilo linatoa nguvu farasi 190 tu, maana sheria za moshi za miaka ile zilikuwa zimeshaibana. Halina haja ya haraka. Linakwenda kama bibi harusi.

Mzee anataka kuliuza kwa watu wanaokusanya magari ya kale, na tangazo alishaliandika mwenyewe kabla hajaniita. Neno la kwanza kabisa ni "adimu". Nikanyamaza, ni mzee wa watu.

Lakini hapa kwangu nitasema. Mwaka ule wa 1976 Cadillac walitengeneza Eldorado za paa la kukunja 14,000. Kampuni nyingine za Marekani zilikuwa zimeacha magari ya aina hiyo: wateja walipungua, viyoyozi vilienea, na kulikuwa na hofu kwamba serikali ingeleta sheria kali kuhusu gari linapopinduka. Basi ikatangazwa kuwa hizi ndizo za mwisho. Mia mbili za mwishoni zilifanana zote, nyeupe zenye mistari myembamba ya rangi nyekundu na buluu, kwa heshima ya miaka 200 ya uhuru wao. Ya mwisho kabisa ilitoka kiwanda cha Clark Street, hapahapa Detroit, tarehe 21 Aprili 1976.

Unajua watu wakisikia "ya mwisho" wanavyokuwa. Mzee wakati huo alikuwa na duka la viatu. Akalipa zaidi ya dola 11,000, akaliegesha gerejini kama mtu aliyenunua kiwanja Vipingo akisubiri barabara ipite. Hakuwa peke yake. Madaktari, mawakili, wenye maduka, kila mmoja na Eldorado yake chini ya shuka, kila mmoja akidhani mjanja ni yeye.

Mwaka 1982 Chrysler na Buick wakarudisha magari ya paa la kukunja. Mwaka 1984 Cadillac nao wakatoa Eldorado mpya ya aina hiyohiyo. Baadhi ya waliohifadhi zile za 1976 walikimbilia mahakamani wakisema wamedanganywa. Hawakuambulia kitu. Mzee wangu hakushtaki. Alikasirika kimyakimya, akalifungia gerejini, na ndiyo maana leo odometa inasoma maili 2,906. Watu wakiona namba hiyo wanadhani ni mapenzi. Ni kisirani.

Dola 11,000 za wakati ule ni zaidi ya dola 60,000 za leo, na nyingi ya gari hizi huuzwa chini ya hapo. Fanya hesabu mwenyewe. Mimi nilishaifanya nikiwa nimelala chini ya bampa.

Kaka yangu alipoona picha akanipigia palepale: "Lete huku! Arusi zote za Nyali zetu!" Nikamkumbusha kwamba Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lenye zaidi ya miaka minane, na usukani wa kushoto nao ni balaa jingine. Akasema huwa kuna njia. Nikakata simu.

Sasa nije kwenye kazi, maana wengi hamjui kinacholiua gari lililokaa. Jua na chumvi ya barabarani, ambayo huku humwagwa kila majira ya baridi na kula vyuma, havikuligusa. Ukipitisha mkono chini ya vizingiti ni laini kama sahani. Lakini petroli iliyobaki kwenye tangi ilikuwa inanuka vanishi. Matairi yenye duara jeupe yaling'aa, ila namba ya tarehe ubavuni ilikuwa ya tarakimu tatu, maana yake yametengenezwa kabla ya mwaka 2000. Hayo ni ya kutazama, si ya kuendea. Mpira wa madirisha umekauka kama ganda la muhogo. Paa lenyewe hujikunja kuelekea ndani, mikono yake ikipishana kama mkasi, na ukiliharakisha vyuma vinapinda. Tulilishusha watu wawili, kila mmoja upande wake, kama wanaoteremsha jeneza.

Halafu zile plastiki. Magari mengi ya Marekani ya miaka ile yana vipande vya plastiki laini vinavyojaza nafasi kati ya bampa ya nyuma na bodi. Havihitaji ajali. Vinazeeka vikiwa vimekaa, na siku moja unavigusa vinamong'onyoka kama biskuti ya tangawizi. Nilikigusa cha kushoto kwa kitambaa kikavu tu, kikaanguka. Nilitokwa na jasho. Mzee akachungulia, akaenda zake ndani, akarudi na mfuko wa mkate mtupu.

"Weka humu," akaniambia. "Yote."

Tukaagiza vipya vya nyuzi za glasi, vikapigwa rangi ileile, huwezi kujua. Mfuko ukawekwa kwenye buti pamoja na karatasi ya bei ya dukani ya 1976, ambayo mzee ameitunza kuliko cheti cha ndoa. Nilimshauri autupe ule mfuko, mnunuzi asije akaona tunamuuzia takataka. Akanitazama kama mama anavyonitazama nikitaka kumtupia sufuria iliyotoboka.

Jana alikuja mwanamume kutoka Ohio, mkusanyaji, mwenye tochi yake mwenyewe. Alisoma namba ya chesisi, akahakikisha inaanza na 6L67, alama ya Eldorado ya paa la kukunja ya mwaka ule. Alilala chini. Alinusa zulia, wallahi, alinusa. Akafika nyuma, akagonga kile kipande kipya kwa ukucha, akasikiliza.

"Hiki si cha asili," akasema. "Cha asili kiko wapi?"

Mzee hakujibu. Alifungua buti, akamkabidhi mfuko wa mkate.

Yule bwana aliufungua, akachungulia ndani kwa tochi, akaufunga tena taratibu kwa fundo. Kisha akaanza kuzungumza bei.