Mtu Mdogo Kwenye Reli

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii maombi yamekuwa mazito kwangu. Mdogo wangu ni kibarua katika kiwanda kimoja cha kukamua alizeti hapa Dodoma. Jioni anarudi na vumbi la mashudu hadi kwenye kope, lakini siku ya malipo ikifika anaambiwa avute subira.

Nikiwa na uchungu huo, kijana mmoja wa kwaya akanionyesha kwenye simu mchoro wa Mmarekani Charles Sheeler, wa mwaka 1930. Ni kiwanda cha magari cha Ford, River Rouge, kule Michigan. Bomba refu la moshi, mabehewa yamejipanga, maji yametulia, kila mstari umenyooka. Mwaka 1927 Sheeler alikodiwa kukipiga picha kiwanda hicho kwa ajili ya matangazo, na wapo wanaouona mchoro huu kama sifa kwa mashine. Mimi sikuweza kuuona hivyo. Ukikuza picha, utamwona mtu mmoja juu ya reli, mdogo kama sisimizi. Maelfu walitoka jasho pale, na huyo mmoja aliyechorwa nusura asionekane! Machi 1932, wenye njaa waliokosa kazi waliandamana hadi kiwanda hichohicho. Wakapigwa risasi, wanne wakafa.

Wapendwa, Bwana hahitaji kukuza picha. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa kwa hila "unapiga kelele". Ujira wenyewe! Hata kibarua akinyamaza kwa kuogopa kufukuzwa, fedha yake inamsemea mbele za Bwana wa majeshi.

Sasa msinielewe kwamba nawasema wenye viwanda peke yao. Dada wa kazi nyumbani kwako amelipwa? Yule kijana aliyekulimia zabibu unamzungusha tangu lini? Tunafunga na kuomba, tunanena kwa lugha, halafu simu ya fundi ikiita tunaigeuza kifudifudi mezani. Torati inataka kibarua apewe chake kabla jua halijazama, maana ni maskini na moyo wake uko hapo. Acheni kusema "Mungu atakulipa" wakati fedha iko mfukoni mwenu.

Na sisi wazee wa kanisa tusijifiche. Mafundi waliojenga ukuta wa ukumbi wa vijana bado wanatudai, na tayari tumeshatangaza harambee ya vyombo vya muziki. Jambo hili nitalileta kwenye kikao cha Jumamosi, kabla ya ajenda nyingine yoyote.