Elfu kumi ya nauli

Mwaka 2015, wakati wa kampeni za udiwani katika kata yetu hapa Temeke, niliitwa kwenye kikao cha jioni uani kwa jirani, na tulipomaliza kumsikiliza mgombea kila mmoja wetu alikabidhiwa kanga na noti ya shilingi 10,000 iliyoitwa nauli, ingawa wote tulikuwa tumefika kwa miguu. Niliikataa. Mama mmoja mtu mzima aliyeketi kando yangu aliniambia kwa upole, "Mwanangu, pokea, hawa hatutawaona tena mpaka miaka mitano ipite," na kauli ile imenisumbua kuliko noti yenyewe, kwa sababu alikuwa amekwisha kukata tamaa ya kudai mtaro na taa za barabarani.

Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Tanzania ilibatilisha vifungu vya sheria ya uchaguzi vilivyoruhusu takrima, yaani zawadi na ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inamtaka mgombea aeleze fedha alizonazo na michango anayotarajia kupata. Hata hivyo, sisi wapiga kura wa kata hatuyaoni maelezo hayo. Ninaomba yabandikwe kwenye ofisi ya mtendaji wa kata kabla ya siku ya kupiga kura, pamoja na majina ya waliochangia, ili mwananchi ajue ni mkandarasi au mfanyabiashara gani aliyemgharamia mtu atakayeketi kwenye baraza la madiwani kujadili zabuni.