Nilivyoitoa ruta na kompyuta kwenye inveta

Nyumba ninayoishi hapa shuleni haina umeme wa gridi. Nina paneli ya sola na betri moja ya volti 12, na zamani kila kitu kilipitia kwenye inveta. Inveta inapandisha volti 12 hadi 230, halafu adapta ya ruta, kile kifaa cha kusambaza intaneti, inazishusha tena hadi 5. Betri inaliwa mara mbili kwa kazi moja. Ruta yenyewe inahitaji wati tano hivi, lakini kwa ajili yake inveta ilikesha ikiwaka, feni ikivuma, na alfajiri betri iko hoi.

Nikanunua konveta ya kushusha volti, ile ndogo yenye chipu ya LM2596. Nikafunga nyaya kwenye betri, nikachomeka ruta. Taa zilimweka mara moja zikazimika, kisha nikasikia harufu ya kuungua. Fedha ya ruta ile niliiweka akiba kwa miezi, iliniuma sana.

Nikaipeleka pamoja na konveta kwa fundi redio mjini.

"Mwalimu, ulipima kabla ya kuchomeka?"

Sikuwa hata na mita ya kupimia volti. Akaiunganisha konveta ileile kwenye betri bila kuweka mzigo, yaani bila kuchomeka kifaa chochote, akapima upande wa kutolea: volti karibu 12. Konveta hizi hazijui umenunua kwa ajili ya kifaa gani, ni wewe wa kuzipanga. Akashika bisibisi, akazungusha skrubu ya shaba iliyo kwenye kiboksi cha bluu, kinyume cha saa. Raundi ya tano, ya nane, namba haikusogea. Nikadhani nayo imekufa. Akaendelea tu, na volti zikaanza kushuka taratibu mpaka 5.1. Akadondoshea rangi ya kucha juu ya skrubu ili isijizungushe. Mwisho akapima pini ya kuchomeka ahakikishe chanya iko katikati, kama mchoro ulio kwenye adapta ya ruta unavyoonyesha. Siku hiyo sikurudi nyumbani bila mita.

Kompyuta mpakato ilinisumbua zaidi. Adapta yake imeandikwa volti 19, ampea 3.42, yaani wati 65. Hapo betri inatakiwa kupandishwa, si kushushwa. Dukani nilipewa konveta ya kupandisha volti, yenye chipu ya XL6009, nikaambiwa ni ya ampea 4, itatosha. Haitoshi. Zile ampea 4 ni kikomo cha swichi iliyo ndani ya chipu, na ukipandisha kutoka 12 hadi 19, unachoweza kuvuta kwa usalama ni kama nusu yake. Piga hesabu kwa wati: wati 65, ongeza zinazopotea kama joto, gawanya kwa volti 12, unapata ampea 6 na zaidi zinazotoka kwenye betri. Kwa hiyo nilichukua konveta ya wati 150 yenye mabapa ya alumini ya kupoza, na nyaya za milimita za mraba 2.5. Baada ya nusu saa ya kazi niliigusa: ya uvuguvugu, mkono unavumilia.

Fyuzi sikubali mtu aniambie ni hiari. Betri ya sola waya zake zikigusana inatoa ampea mamia, waya unakuwa mwekundu kabla hujafika kuuchomoa, na watoto wamelala chumba cha pili. Yangu ni ya ampea 10, kwenye waya wa chanya, kiganja kimoja kutoka kwenye betri. Ukiiweka karibu na konveta, waya wote wa katikati unabaki bila ulinzi.

Jirani yangu ni dereva wa lori la volti 24. Redio yake ya volti 12 alikuwa ameiunganisha kwenye betri moja kati ya mbili.

"Mbona inalia vizuri tu, Mwalimu?"

Inalia, ndiyo. Lakini betri ile ilikuwa inatumika peke yake, wakati altaneta, jenereta ya injini, inazichaji zote mbili kama kitu kimoja. Moja haijai, nyingine inazidishiwa. Nilipozipima injini ikiwa imezimwa, moja ilisoma 12.6, nyingine 11.7. Tulimfungia konveta ya 24 kwenda 12, na ile iliyochoka akalazimika kununua mpya.