Salamu Arobaini na Tatu

Mama alinijia asubuhi na mapema, mkononi ana donge la karatasi, ameliviringisha kama uzi wa kufumia. "Dada yako ana nini?" akaniuliza. "Amenisalimu usiku kucha."

Nililichukua nikalifungua sakafuni. Ukanda mwembamba wa milimita 58, mrefu hata mlango ukaonekana karibu. "Mama shikamoo. Mtazame mjukuu wako." Chini ya maneno hayo, kipande cheusi cha nywele, halafu peupe. Kisha tena: "Mama shikamoo." Nywele. Peupe. Nilihesabu mara 43, mpaka pale karatasi ilipoanza kuonyesha mstari mwekundu pembeni, alama ya kwamba rola imekwisha. Uso wa mtoto haukutokea hata mara moja.

Mtambo ule niliuunda kwa mikono yangu, kwa hiyo sikuwa na wa kumlaumu. Mama hapendi kusoma kwenye simu. Anasema herufi zinamkimbia. Nikatafuta printa ndogo ya risiti, ile isiyotumia wino bali huichoma kwa joto karatasi iliyopakwa dawa, nikaiunganisha na Raspberry Pi, kompyuta yenye ukubwa wa kadi ya benki, nikavifungia vyote kwenye kisanduku cha mbao juu ya meza yake. Hicho kikompyuta ndicho kilikuwa seva yetu ya nyumbani. Dada akituma ujumbe kwa roboti niliyoifungua Telegram, seva inauchota, inauweka kwenye foleni, kisha inauchapa. Niliipenda njia hiyo kwa sababu seva ndiyo inayotoka kwenda kuuliza kama kuna jipya. Hakuna mlango niliouacha wazi kwenye ruta ili mtu wa nje aingie.

Wiki ya kwanza kosa lilikuwa la kuchekesha tu. Dada aliandika kwamba mwezi unang'aa, printa ikatoa "unangΓÇÖaa". Mama aliligeuza lile neno juu chini, akauliza mwanawe siku hizi anasema lugha gani. Kumbe simu ilikuwa imeigeuza ile alama ya ng' kuwa koma iliyopinda, ambayo kwenye UTF-8, mfumo wa kisasa wa kuandika herufi kwa namba za kompyuta, ni baiti tatu. Printa yenyewe inajua jedwali la zamani la herufi, namba 437, baiti moja herufi moja, basi ikazisoma zote tatu kila moja kivyake. Mstari mmoja wa programu ukalimaliza. Nikajiona fundi.

Sasa hizi nywele. Kwanza nilidhani dada amebonyeza kutuma mara nyingi, nikamtafuta. Akaapa ametuma mara moja tu, saa tano usiku, akalala. Nikaingia kwenye seva na kuweka rola mpya. Ikaanza tena hapo hapo: salamu, nywele, kimya, na mimi nikatupwa nje ya mtandao. Niliporudi niliiuliza mashine imewaka tangu lini. Ikajibu: dakika moja. Mashine ambayo sikuwa nimeizima kwa siku tisa!

Hapo nikaelewa, na nikaona aibu kidogo. Kichwa cha printa hiyo kina vijihita 384 vilivyopangwa mstari mmoja, kila kimoja kwa nukta yake. Ukichapa maneno, vichache tu hupata moto. Ukichapa kichwa cha mtoto mwenye nywele nyeusi tii, karibu vyote vya katikati huwaka pamoja, na umeme unaovutwa hapo si mchezo. Nami kwa ubahili wangu wa nyaya nilikuwa nimeilisha printa na kompyuta kwa adapta moja ya volti 5, ampea 2. Volti ziliposhuka, seva ikazimika na kujiwasha upya. Ikaamka, ikafungua foleni, ikakuta ujumbe wa dada haujawekewa alama ya "umechapwa", maana alama hiyo niliamuru iwekwe baada ya kuchapa. Ikaanza upya kwa uaminifu wote. Mama alisema usiku kucha. Kwa hesabu yangu ni kama dakika arobaini na tano, lakini sikubishana.

Printa niliipa adapta yake, nikiunganisha waya hasi tu za pande zote mbili ili zielewane. Foleni ndiyo iliyonisumbua zaidi. Ukiweka alama kabla ya kuchapa, umeme ukikatika ujumbe unapotea na hakuna atakayejua. Ukiiweka baada, unaweza kujirudia. Mimi nasema heri salamu mbili kuliko kukosa moja, kwa hiyo nikaacha alama ibaki mwishoni, ila kila jaribio liandikwe kwanza, na likifika la tatu ujumbe uwekwe kando.

Jioni nikamwita Mama tuijaribu. Akasimama pembeni, mkono kiunoni. Salamu ikatoka. Zikaanza nywele, mstari kwa mstari, na mimi nimeziba pumzi. Zikapita. Paji la uso. Nyusi. Macho mawili, yamefanywa nukta nukta, yakitutazama.

Mama akaunyaka ukanda akaukata. Alishazoea kwamba kile kidude hukomea njiani.

"Mama, bado!"

Printa ikaendelea bila haraka: pua, mdomo, kidevu. Mama akangoja mpaka iliponyamaza kabisa, akakata na kipande cha pili, akaenda kutafuta selotepu. Nilitaka kumwambia kwamba gundi ya selotepu huweza kufifisha karatasi ya aina ile. Nikaacha. Picha ilikuwa bado kwenye seva.