Kuhesabu samaki, kamba na kaa kwenye hori la mikoko Kunduchi

Kimia, wavu wa kurusha kwa mkono, kilinidanganya msimu mzima. Ukikirusha horini unapata chaa, mkizi wadogo na kamba wachache, unaandika kuwa ndio wakazi, kumbe waliojificha kwenye mizizi hujawagusa. Kilichonipa orodha ya kuaminika, nyuma ya mashamba ya chumvi pale Kunduchi, Dar es Salaam, ni kuziba mdomo wa kijito kidogo maji yakiwa yamejaa, kisha kuyaacha yatoke yenyewe kupitia wavu.

Kibali kwanza. Mikoko ni msitu wa hifadhi, na wavu wa matundu madogo bila barua ya utafiti utanyang'anywa. Pitia pia kwa BMU ya pale, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi wa pwani yao. Wao ndio wanaojua kijito kinachokauka kabisa maji yakipwa. Kisichokauka hakifai, maana samaki hubaki kwenye madimbwi.

Tega wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, siku ya pili hadi ya nne baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Huku Dar bamvua hujaa kwenye saa 10 alfajiri na kupwa kwenye saa 4 asubuhi: unatega gizani, unaokota kweupe. Maji mafu, yale yanayojaa kidogo tu, hayafiki kwenye mizizi, usijisumbue.

Wavu wangu una urefu wa mita 15, kimo mita 2.5, tundu la milimita 10, na mfuko wa mita 3 katikati, penye kina. Nguzo ni mianzi, moja kila mita moja na nusu. Si mkandaa; huwezi kuhesabu viumbe vya mikoko huku unaikata. Zichomeke siku moja kabla, maji yakiwa yamepwa, na wakati huohuo fukia kamba ya chubwi (ile ya chini yenye vizito) sentimita 20 hadi 30 ndani ya tope, ukiacha wavu umelala chini. Alfajiri, maji yakisimama, unainua tu kamba ya maboya na kuifunga.

Kazi nyingi huharibikia hapo chini. Maji yakianza kutoka kwa kasi huchimba tope, na upenyo wa kiganja tu unatosha kupitisha nusu ya kamba wote. Kanyaga kamba ya chubwi hatua kwa hatua, kutoka ukingo hadi ukingo. Juu nako, acha nusu mita ya wavu nje ya maji. Wahenga walisema hasira za mkizi tijara ya mvuvi; hapa akiruka ni hasara. Majani nayo yakijaa mfukoni, maji hulemea na nguzo zinalala, kwa hiyo mtu mmoja akae akiyaondoa muda wote.

Chumvi ipime kwa rifraktomita uliyoirudisha kwenye sifuri kwa maji yaliyotoneshwa. Chukua maji ya juu na ya chini. Wakati wa masika maji ya mto huelea juu ya ya bahari, na ukipima ya juu pekee utashangaa chewa anaishi vipi kwenye maji baridi. Bahari yenyewe ni kama 35 kwa elfu.

Kwenye kuchambua, hongwe aondolewe kwa koleo, miiba yake ina sumu. Kaa koko afungwe magando kabla ya kuwekwa ndoo moja na wengine. Mpime upana wa gamba, ncha ya mwiba wa pembeni hadi ncha nyingine, kisha mgeuze: kifuniko chembamba cha pembetatu ni dume, kipana cha mviringo ni jike lililokomaa. Kamba wanataka lenzi. Tazama msumeno wa kichwani: wenye meno juu na chini ni Penaeus, wenye meno juu tu ni Metapenaeus. Karibu wote watakuwa wadogo, kwa kuwa wakubwa hutagia baharini na makinda ndiyo huingia horini kukua.

Andika rangi wakiwa wabichi. Fomalini huzifuta, na kamba na kaa huwa wagumu, miguu inakatika. Wao niliwaweka kwenye alkoholi ya asilimia 70.

Kaa walio mashimoni hawatoki na maji. Kwao nililaza madema matano yenye chambo usiku kucha, na hesabu yake niliiandika kando, sikuichanganya na ya wavu.